Nabeti Uwanja Kwanza, Mtu Baadaye

Anayebeti kandanda ana majibu matatu ya kuchagua: nyumbani, sare, ugenini. Gofu haina huruma hiyo. Alhamisi asubuhi wanaume 144 au 156 wanaanza kupiga, Ijumaa jioni zaidi ya nusu yao wanafungasha mabegi kwa kukosa mchujo, na Jumapili anabaki mmoja. Hata yule anayeogopwa na wenzake wote hushindwa wiki nyingi kuliko anazoshinda. Ndiyo maana pale kinyozi ninaponyolewa, Roysambu, vijana wenye mikeka ya mechi kumi na saba hunitazama kama mtu anayenunua tikiti ya bahati nasibu huku akidai amefanya utafiti.

Wao gofu waliikuta kwenye simu, chini kabisa ya orodha ya michezo, baada ya tenisi ya meza. Mimi niliijulia begani. Katika miaka ya tisini nilikuwa kedi, mbeba mabegi ya wachezaji, kwenye klabu ya gofu ya Muthaiga, Nairobi, na kedi asiyebeti sikuwahi kumwona. Wanachama wakicheza wao kwa wao, sisi nyuma yao tulikuwa na mchezo wetu: dau ni soda na mandazi, siku ya mshahara kidogo zaidi. Tulibeti nani atashinda shimo, nani atatumbukiza mpira mtoni, nani atapiga mipigo mitatu kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka kishimo, na kumlaumu kedi wake.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye alikuwa akishinda kupita kiasi. Alikuwa amebeba mabegi tangu siku ambazo Seve Ballesteros, kijana wa Kihispania, alikuja akachukua mashindano ya Kenya Open ya 1978, na habari hiyo alitusimulia kila mwaka bila kuchoka. Mzee huyu hakujali sana nani anacheza. Aliuliza mvua ilinyesha lini, na kile kishimo kimekatwa upande gani wa grini leo. Baada ya hapo ndipo alipotaka kusikia majina.

"Kijana," aliniambia siku alipokula soda yangu ya tatu, "hawa watu wanapiga vilevile Jumanne na Jumamosi. Kinachobadilika ni pale mpira unapoangukia."

Basi nikaanza kutazama chini. Ukitazama chini Nairobi utaona nyasi za kikuyu. Ndizo zilizoota kwenye feawei, njia kuu za kuchezea, za Muthaiga na Karen, na ndizo hizo hizo zinazoliwa na ng'ombe kandokando ya barabara ya Kiambu. Ni nyasi zenye mashina yanayotambaa na kufumana. Mpira ukikaa juu yake kwenye feawei, unakaa vizuri, kama umewekwa kwa mkono. Ukitoka nje kidogo tu ya feawei, mambo yanageuka: nyasi zinashika shingo ya fimbo na kuizungusha mkononi, na mpira uliotaka kuusukuma uviringike hadi kwenye grini unakufa baada ya hatua mbili. Mgeni hujifunza hilo kwa kulipa mipigo. Tulikuwa tunawajua wageni kwa jinsi walivyokuwa wakitazama fimbo zao baada ya kupiga, wakishangaa kama ndizo zenye kosa.

Sasa, fikiria nilivyocheka miaka mingi baadaye, nimeshaacha ukedi na nina duka la vifaa vya ujenzi, televisheni iko juu ya mifuko ya saruji, nikimsikia mtangazaji wa Marekani akizitaja nyasi hizo kwa hofu. Ilikuwa mashindano ya Riviera, Los Angeles. Nyasi zetu zilivuka bahari mwanzoni mwa karne ya 20, zikapandwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kama kawaida yake hazikukubali kukaa pale zilipopangiwa. Leo Riviera ni uwanja wa kikuyu. Wachezaji wanaopokea mamilioni ya dola wanasimama kando ya grini wakiwaza jambo ambalo kedi wa Muthaiga analijibu bila kuinua kichwa: hapa usiviringishe, inua mpira uangukie juu.

Hapo ndipo kubeti kwangu kulipopata msingi. Sikuanza kwa kuuliza nani anacheza vizuri msimu huu, maana hilo kila mtu analiona, na kampuni ya kubeti inaliona kabla yako. Limeshaingia kwenye odi, ile namba ya kuzidisha dau. Nilianza kwa kuuliza nani anajua kupiga kwenye zulia hili. Bubba Watson alishinda Riviera mwaka 2014, 2016 na 2018. Max Homa, aliyekulia karibu na Los Angeles na kwenda kutazama mashindano hayo akiwa mtoto, alishinda 2021. Kwa upande wa pili yupo Tiger Woods. Alicheza pale kwa mara ya kwanza mwaka 1992 akiwa na miaka 16, akarudi tena na tena katika miaka ambayo hakuna aliyemweza duniani, na hajawahi kushinda Riviera. Jack Nicklaus naye hakushinda pale. Hata hivyo, kila Tiger alipojiandikisha, pesa za watu zilimfuata, na odi yake ikawa nyembamba kiasi cha kutia huruma. Jina lake lilikuwa na bei yake, na uwanja ule haukuijua bei hiyo.

Ukitaka kuielewa Riviera tazama shimo la 10. Lina yadi 315 tu, na mchezaji yeyote wa kulipwa anaweza kulifikia au kulikaribia kwa mpigo mmoja. Lakini grini yake ni nyembamba, imelala kimshazari na kuzungukwa na mchanga, kwa hiyo anayekosea upande anajikuta akipiga mpira kutoka mchanga wa huku hadi mchanga wa kule. Wenye subira hupiga mpira mfupi kushoto, kisha wanaingia kwa pembe nzuri. Mwaka ule aliposhinda, Homa alikosa mpira wa hatua moja kwenye shimo la mwisho, akalazimika kwenda mashimo ya ziada na Tony Finau, na la kwanza lilikuwa hilo la 10. Mpira wake ukaenda kukaa kwenye shina la mti. Nilikuwa nimeweka pesa kwake. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, na mama watoto alitoka chumbani kuuliza nani amefariki. Homa akaupenyeza mpira kutoka mtini, akanusurika, akashinda shimo lililofuata walilocheza.

Nairobi yenyewe ina jambo la pili mbali na nyasi, nalo ni hewa. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwenye hewa nyepesi mpira huruka mbali zaidi. Mchezaji aliyetoka pwani ya Ulaya ana hesabu ya kila fimbo kichwani mwake, aliyoijenga kwa miaka, na akifika Muthaiga hesabu yote inabidi ifanywe upya kwa siku tatu. Wako wanaoifanya kwa utulivu. Wengine Alhamisi bado wanarusha mipira nyuma ya grini.

Ukiunganisha nyasi za kikuyu na hewa ya juu, unapata mahali pengine panapofanana na hapa: Johannesburg na vitongoji vyake. Ndiyo sababu Kenya Open ilipoingia kwenye Ziara ya Ulaya mwaka 2019, nilianza kuwatazama Waafrika Kusini kwa jicho tofauti. Trevor Immelman alikuwa ameshinda hapa mwaka 2000, Haydn Porteous mwaka 2015. Kisha ikaja Machi 2021, wakati wa Korona, mashindano mawili yakachezwa mfululizo kwenye uwanja wa Karen. La kwanza akachukua Justin Harding. La pili, Kenya Savannah Classic, akachukua Daniel van Tonder kwenye mashimo ya ziada. Wote wawili ni Waafrika Kusini. Wiki hizo mbili nilikuwa mtu wa kusalimiwa kwa heshima pale kinyozi.

Halafu mashindano yakarudi Muthaiga, uwanja wangu mwenyewe, ambao ningeweza kuutembea nimefumba macho. Mwaka 2022 akashinda Wu Ashun kutoka China. Mwaka 2023, Jorge Campillo, Mhispania. Mwaka 2024, Darius van Driel, Mholanzi. Hoja yangu ya nyasi na hewa haikuwa ya uongo katika miaka hiyo mitatu. Ilikuwa kweli vilevile, na mikeka yangu ikachanika vilevile. Hili ndilo jambo ambalo vijana hawataki kulisikia kwa sababu halina raha. Kuwa na sababu nzuri kunamtoa mchezaji wako, tuseme, kwenye nafasi moja kati ya arobaini hadi moja kati ya ishirini na tano. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini bado mara ishirini na nne atashindwa, na mara hizo hazina mpangilio. Zinaweza kuja zote pamoja.

Mpwa wangu, anayenisaidia dukani, aliwahi kuniuliza mbele ya wateja, "Anko, yote hayo unayajua na bado unapoteza?"

"Napoteza polepole," nikamwambia, na wateja wakacheka, lakini sikuwa natania sana.

Sababu iko kwenye hesabu ambayo yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Mchezaji mwenye odi ya 5.00, kampuni inakuambia atashinda mara moja katika tano, yaani asilimia 20. Mwenye 8.00 ni asilimia 12.5. Mwenye 50.00 ni asilimia 2. Jumlisha orodha nzima, hadi yule wa mwisho kabisa mwenye odi ya elfu moja. Kwa kuwa mshindi ni mmoja, jumla ingepaswa kuwa mia. Huwa inapita mia, na kwenye gofu inapita kwa mbali kuliko kwenye mechi ya kandanda, kwa sababu majina ni mengi na kila jina limepunjwa kidogo. Kile kinachozidi mia ni chakula cha kampuni. Juu ya hapo, kwetu Kenya serikali nayo ina sahani yake: tangu Sheria ya Fedha ya 2025 ushuru wa asilimia 5 unakatwa ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, na kodi ya asilimia 5 ukizitoa. Ukijua uwanja kidogo tu zaidi ya wengine, umelipia karo tu. Sharti ujue zaidi ya hapo.

Kuna wiki chache ambazo kujua kulinilipa, na moja yao siwezi kuisimulia bila kutabasamu, kwa sababu inaanzia hapa nyumbani. Mwaka 2017 Muthaiga ilimpa ushindi Mwingereza kijana, Aaron Rai, ambaye mama yake alihamia Uingereza kutoka Kenya. Nilimfuata kwa miguu mashimo kadhaa. Huvaa glovu mikono yote miwili, jambo ambalo wachezaji karibu wote hawafanyi, na hapigi mbali. Anachofanya ni kuweka mpira kwenye feawei, tena na tena, mpaka anachosha kumtazama. Muthaiga ina miti pande zote, na hiyo ndiyo tabia inayoilainisha. Nikamweka moyoni.

Miaka saba ikapita. Agosti 2024 akaenda kucheza Wyndham Championship, Greensboro, kwenye uwanja wa Sedgefield. Sedgefield ni uwanja wa zamani, mfupi kwa viwango vya siku hizi, ulichorwa na Donald Ross, na mtu anayepiga mbali bila kujua anakokwenda hapati faida kubwa pale. Nikamwekea Rai dau dogo. Mvua za dhoruba zikavuruga ratiba, Jumapili wakacheza mashimo 36, na ilipofika usiku wa manane kwetu mbele alikuwa Max Greyserman. Kwenye shimo la 13 Greyserman alitumbukiza mpira kutoka feawei, akawa anaongoza kwa mipigo minne. Nikazima taa ya sebuleni nikijua kesi imekwisha, ila simu nikabaki nayo. Shimo la 14 akapiga mpira nje ya mpaka, akaandika 8. Shimo la 16 akaviringisha mara nne kwenye grini. Rai akamaliza kwa mipigo 64 na kushinda kwa mipigo miwili, ushindi wake wa kwanza kwenye Ziara ya PGA.

Nilikuwa na haki ya kujisifu? Nilimsoma mtu, nilisoma uwanja, vikakutana kama nilivyotarajia. Lakini pesa zile hazikuletwa na Rai pekee. Aliyezileta kwa sehemu kubwa ni mtu ambaye sikumfikiria hata kidogo, aliyepiga mpira mmoja uliopinda. Tangu hapo, mkeka wangu ukichanika kwa sababu ya mpira uliogonga mti, sipigi kelele sana. Nilishakula cha mwenzangu.

Upepo nao unastahili mstari wake. Kwenye The Open, mashindano ya viwanja vya kando ya bahari kule Uingereza, muda uliopangiwa kuanza unaweza kuwa na uzito kuliko fimbo zako. Mwaka 2002 pale Muirfield, Tiger Woods, aliyekuwa ameshachukua Masters na US Open mwaka huo, alikutana na dhoruba Jumamosi mchana akaandika 81. Ernie Els akashinda. Ukiweka dau lako Jumatatu kabla ratiba na utabiri wa hali ya hewa kutoka, unabeti uwanja nusu.

Mara nyingi sasa sibeti mshindi. Nabeti kumi bora au ishirini bora, kwa sababu uwanja hukuonyesha kundi kwa uaminifu zaidi kuliko unavyokuonyesha mtu mmoja. Lakini nako kuna mtego, na nitauelezea kwa sababu nimeona watu wakitaka kupigana juu yake. Kijana mmoja pale kinyozi aliweka shilingi 1,000 kwamba mchezaji wake atamaliza kwenye tano bora, odi 6.00. Akamaliza nafasi ya nne. Kijana akasubiri 6,000, zikaingia 2,400, akaanza kupiga simu kwa ukali na kutangaza kwamba ameibiwa. Nikamwomba simu nione. Mchezaji wake alikuwa sare na wenzake wanne. Watu watano kwenye nafasi ya nne, na ndani ya tano bora zilibaki nafasi mbili tu, ya nne na ya tano. Kwa hiyo dau lake linahesabiwa mbili kwa tano: 400 mara 6.00. Imeandikwa kwenye masharti. Hakufurahi, na wembe ulipofika shingoni mwake kinyozi alimsihi atulie kwanza.

Wiki zilizonifundisha zaidi zilikuwa mbili za Februari 2025, zilizofuatana. Januari moto ulikuwa umeteketeza Pacific Palisades, mtaa wenye uwanja wa Riviera, na mashindano yakahamishiwa Torrey Pines, San Diego. Jina la mashindano halikubadilika, kombe halikubadilika, wachezaji walikuwa walewale. Wengi niliosikia wakiyachambua waliendelea kutaja nani alishinda mwaka gani, na historia yote hiyo ilikuwa ya kiwanja kilichokuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka pale. Torrey Pines ya Kusini ni ndefu na nzito, inataka mtu wa kupiga mbali na juu. Akashinda Ludvig Åberg, Mswidi, ambaye hupiga hivyo. Sikuwa naye. Nilikuwa nimemwekea mwingine wa aina hiyohiyo, akakosa mchujo, na sikuona sababu ya kubadilisha kitu chochote katika jinsi nilivyofikiri.

Wiki iliyofuata ilikuwa Muthaiga. Jumatano nikafunga duka mapema, nikaenda kutembea uwanjani na mpwa wangu. Nilimwonyesha zile nyasi za pembeni, nikamwambia azikanyage, azisikie zinavyorudisha mguu. Nilimwonyesha mabonde ambako mpira unaruka mbali kuliko macho yanavyodhani. Yeye alikuwa akipiga picha za wachezaji. Jioni, kwenye matatu, akafungua simu na kuanza kusoma orodha, akaniuliza Waafrika Kusini ni wepi. Nikamtajia. Akachagua wawili, na kwa kuwa nilikuwa nimemwimbia wimbo wa ishirini bora mwaka mzima, akawaweka wote kwenye ishirini bora.

Mmoja wao alikuwa Jacques Kruyswijk. Jumapili jioni akashinda mashindano.

Mpwa wangu alilipwa, na alilipwa vizuri kwa dau aliloweka. Lakini alipolinganisha odi ya ishirini bora na odi ya ushindi, akaniletea kikokotoo dukani asubuhi, akakiweka juu ya kaunta kati yangu na mteja wa misumari, na kunionyesha tofauti.

"Anko, hii ni yako," akasema.

Nikamuuliza kama wakati anaweka dau alikuwa tayari kumpoteza Kruyswijk wiki thelathini ili ampate wiki moja. Akasema hapana. Nikampimia mteja kilo yake. Mpwa akabaki na kikokotoo, akipiga hesabu upya kwa dau la nusu kwa ushindi na nusu kwa ishirini bora, na alipomaliza akaniuliza wiki ijayo wanacheza wapi.